Mpishi Asiyeonja

Kila asubuhi, kabla hajafagia uwanja wala kubandika chai, Bi Mwatumu huchuma jani moja la mrehani uliootea kando ya mlango wake wa nyuma. Hulisugua katikati ya viganja mpaka lipondeke, huviinua viganja hadi usoni, hufumba macho, huvuta pumzi. Hutulia kidogo, kama mtu aliyebisha hodi akawa anangoja kujibiwa. Kisha hulitupa jani, hupangusa mikono kwenye kanga, na siku yake huanza. Binti yake Khadija anasema hajawahi kumwona akiikosa siku. Akisafiri, jani hulifunga kwenye pindo la kanga, mahali ambapo wengine hufunga nauli.

Mimi nimemwona akifanya hivyo mara moja tu, katika chumba cha kliniki, nami nilikuwa nimeshika saa ya kupimia. Sikuelewa nilichokiona. Aliyekuwa ameshika kalamu hakuelewa pia, lakini yeye aliandika.

Bi Mwatumu ana miaka hamsini na sita, na kazi yake ni upishi wa shughuli. Pangani nzima inamjua. Arusi, maulidi, hitima, palipokuwa na sufuria za kuingia mbuzi wawili, palikuwa na yeye. Kikundi chao kinaitwa Chungu Kimoja, wanawake kumi na mmoja, na katika kikundi kuna mwiko mmoja mkubwa wa mti, mrefu wa kufika kifuani, mweusi kwa moshi na mafuta. Anayeshika mwiko ndiye mkuu wa jiko. Yeye husema moto upunguzwe, yeye husema mfuniko ufunguliwe, na akisema chakula hakijaiva, hata baba wa bibi arusi hukaa chini akangoja. Bi Mwatumu alipewa mwiko ule na mama yake mdogo, miaka kumi na tisa iliyopita.

Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba haonji. Wapishi wengine huchota mchuzi kiganjani wakalamba. Yeye huinama juu ya sufuria, mvuke ukampiga usoni, akainuka na kusema, "Bado iliki," au "Ongeza konzi moja ya chumvi." Mwezi wa Ramadhani, wenzake wakihangaika na futari wasijue imekolea au haijakolea, yeye alikuwa kama yuko nyumbani kwake. Niliwahi kumwambia Khadija kwamba chumvi haina harufu. Akanicheka. "Mwambie yeye hivyo, kama unataka kufukuzwa jikoni."

Miaka miwili iliyopita aliitwa kupika hitima Pongwe. Bodaboda iliyombeba iliteleza kwenye mchanga wa kandokando ya lami, naye akaanguka kifudifudi. Paji la uso likapiga jiwe. Alizimia, akalazwa siku nne, akashonwa nyuzi saba. Aliporudi nyumbani watu walimtazama wakaridhika: anatembea, anasali, anawataja wajukuu wote kwa majina na kwa makosa yao. Kapona, wakasema. Mwiko akaendelea kuushika.

Ikaja arusi moja kijijini Ushongo. Samaki waliletwa alfajiri, changu matenga mawili, barafu yake imekwisha kuyeyuka. Kupokea samaki ni kazi ya mwenye mwiko. Aliinama juu ya tenga, akainuka, akasema wako sawa. Zuleha, msaidizi wake wa miaka mingi, alisogea akakunja uso.

"Bi Mwatumu, mbona kama wanatoa harufu?"

"Una mafua, wewe. Leta ndimu."

Hakuna aliyebisha. Nani abishane na pua ile? Samaki wakapakwa ndimu, tangawizi na pilipili, wakakaangwa, wakaliwa. Ilipofika alasiri watu walikuwa wanatapika nyuma ya nyumba, kwenye minazi, ndani ya ndoo za maji ya kunawa. Bibi arusi alitapika juu ya hina yake mwenyewe. Wazee walibebwa. Hakufa mtu, na hilo ni bahati tu.

Chungu Kimoja walikutana. Wengine walisema ni husuda, wengine wakasema ni jini aliyemwingia pale Pongwe alipoanguka. Zuleha alisema kichwa kimeharibika, na kwamba mtu mwenye akili hawezi kupokea uozo akasema wako sawa. Wakaafikiana hivi: Bi Mwatumu apumzike, aende Tanga mjini akapimwe akili, alete cheti. Cheti kikiwa kizuri, arudi jikoni. Kikiwa kibaya, Zuleha aushike mwiko mpaka mwenzake apone.

Cheti cha akili. Hakuna kitu kama hicho, na ningependa kila mtu Pangani ajue. Tathmini ya saikolojia, na ile ya namna ubongo unavyofanya kazi baada ya kuumia, si mtihani wa kufaulu na kufeli. Ni maswali na kazi ndogondogo za kupima kumbukumbu, umakini, lugha, kupanga mambo, na hali ya moyo. Kabla ya hayo yote mpimaji anatakiwa akae na mtu amsikilize: ulikuwa nani, unafanya kazi gani, nini kimebadilika tangu siku ile. Awaulize na wa nyumbani. Matokeo yalinganishwe na watu wa elimu yake na maisha yake, si na watu wa mbali. Mwisho aeleze kipi kimeumia, kipi kizima, na mtu asaidiweje. Haya nimeyasoma vitabuni, tena nikayaamini. Ndiyo sababu nilichokiona kilinichefua.

Nilikuwa nimemaliza chuo, najitolea katika kliniki moja ya binafsi mjini Tanga. Wanasaikolojia walikuwa wawili: Daktari Imakulata, aliyekuja siku mbili kwa wiki, na Anold, aliyekuwapo kila siku. Kazi yangu ilikuwa kushika saa, kupanga kadi za picha na kunyamaza. Ya kunyamaza niliiweza kuliko zote.

Bi Mwatumu na Khadija walifika saa tatu. Khadija alikuwa amemfuata mama yake Pangani, wakatoka usiku haujaisha. Wakiwa barazani wanangoja, simu ya Bi Mwatumu ililia.

"Nani? Zuleha? Haya, sema." Akasikiliza. "Meko mangapi umewasha? Sita? Kwa wali wa watu mia mbili? Unataka kuunguza mji? Zima mawili. Lile la mwisho toa kuni, acha makaa. Funika kwa majani ya mgomba kwanza, kisha mfuniko. Usifunue mpaka wamalize kisomo cha pili. Na nyama usiiweke sasa, itachoka. Umesikia?"

Akakata simu, akamgeukia binti yake. "Wamenifukuza jikoni, na maulidi yao wananiuliza mie."

"Ungemwacha aungue," Khadija akasema.

"Wali una kosa gani?"

Nilisimama mlangoni na faili langu. Sehemu ya kupima kupanga mambo ilikuwa imekwisha kupimwa pale barazani, na mtu aliyepaswa kuiandika alikuwa ndani anatazama mpira kwenye simu.

Anold hakumuuliza kazi yake. Hakumuuliza ya Pongwe. Khadija aliambiwa akae nje. Anold alianza hivi:

"Bibi, leo tarehe ngapi?"

"Kumi na nane, mfungo nne."

"Tarehe, bibi. Tarehe."

"Si ndiyo hiyo? Ya kizungu itazame hapo kwenye simu, umeishika."

Anold akaweka sifuri. Mfungo nne ilikuwa sahihi, na tarehe kumi na nane ya mwezi mwandamo ilikuwa sahihi. Niliihakiki jioni kwenye kalenda ya jirani.

Akamwonyesha picha. Ya kwanza kitanda, akajibu. Ya pili ua, akajibu. Ya kumi na kitu ilikuwa ala ya muziki ya Ulaya, kubwa kuliko mtu, yenye nyuzi zilizosimama. Bi Mwatumu aliigeuza kadi huku na huku.

"Hili dema limevunjika ubavu."

Dema ni mtego wa samaki, wa kusukwa. Mimi mwenyewe nisingelipata jina la ile ala kama nisingeisoma mahali. Sifuri. Akafuata mnyama wa mito ya nchi za baridi, mwenye mkia kama kafi. "Panya buku, ila huyu kakanyagwa mkia." Nilicheka, nikajifanya nakohoa. Sifuri.

Akamsomea maneno matano ayakumbuke, akatoka nje kupokea simu, akakaa huko mara tatu ya muda uliotakiwa. Aliporudi, Bi Mwatumu akataja manne. Anold aliandika manne, bila kuandika kwamba aliyechelewa ni yeye.

Saa sita akafungua chakula chake mezani, juu ya kadi, mbele ya uso wa mama wa watu. Chipsi na samaki wa kukaanga wa jana, pengine wa juzi, na kachumbari iliyokwisha kuchacha. Chumba kilijaa. Nikaelekeza uso dirishani. Anold mwenyewe alimnusa yule samaki, akamtupa kwenye kapu chini ya meza, akabaki na chipsi. Kapu lilikuwa hatua moja tu kutoka miguuni kwa Bi Mwatumu. Yeye aliendelea kupanga vipande vya mbao kama alivyoambiwa. Hakukunja hata pua. Nilidhani ni adabu.

Ndipo, Anold akitafuna, Bi Mwatumu akafungua pindo la kanga, akatoa jani, akalisugua, akaliinua, akafumba macho. Akangoja. Akalifunga tena. Asubuhi ile hakuwa amepata nafasi, walitoka nyumbani gizani.

Anold alinitazama, akazungusha kidole chenye mafuta kando ya sikio lake. Akaandika: *Tabia ya kujirudia, isiyo na maana.*

Ripoti ilitoka baada ya siku tatu. Sikuichapa mimi, ila mimi ndiye niliyeibana kwa pini, na nikiwa naibana niliisoma. Ukurasa wa kwanza jina la Bi Mwatumu. Ukurasa wa pili, katikati, palisema: *mteja, mwanamume wa miaka thelathini na tisa, dereva wa lori, ameripotiwa kuwa na historia ya ulevi.* Anold alikuwa amefungua ripoti ya mtu mwingine akaandika juu yake, na kipande cha mtu yule kikabaki, kama unyoya kwenye mchuzi. Ukurasa wa tatu ulisema Bi Mwatumu ana upungufu mkubwa wa akili, hatambui siku, hatambui vitu, na asiachwe peke yake karibu na moto, visu wala watoto.

Nilimwonyesha Anold ukurasa wa pili. Nilinyoosha kidole tu.

"Aa, hiyo," akasema. "Ataisoma nani, Ruthi? Wale wanatazama muhuri."

Nikaibana. Nilitaka kunawa mikono, na nilinawa, lakini niliibana kwanza.

Aliisoma mtu. Khadija aliipeleka nyumbani kwenye bahasha, bahasha ikawekwa juu ya kabati, Zuleha akaja kumjulia hali mwenzake, na alipoondoka alikuwa na picha za kurasa zote tatu kwenye simu. Magharibi zilikuwa kwenye wasapu ya Chungu Kimoja. Kufikia Ijumaa zilikuwa zimevuka mto zikarudi. Mtu alizungushia wino mwekundu pale kwenye ulevi. Khadija alinisikilizisha sauti moja, ya Zuleha, iliyojaa kicheko.

"Jamani, kumbe shoga yetu ni dereva wa lori! Tena mlevi! Miaka yote tunakula vya dereva!" Halafu akaacha kucheka. "Lakini tuseme kweli, someni ukurasa wa tatu. Mtu wa hivyo tumpe mwiko atupikie sumu? Mie sina ugomvi naye. Daktari ndiye kasema."

Watoto wa mtaani wakaanza kumwuliza Bi Mwatumu lori lake liko wapi. Akazima simu. Akaacha kwenda sokoni. Khadija, anayekaa Tanga kwa mumewe, alinipigia analia: mama haongei, anachambua mchele ambao hatapika.

Jumatano nilipeleka nakala kwa Daktari Imakulata. Niliiweka mezani kwake, nikasimama. Ni mama mnene, mwenye sauti ndogo. Alipofika kwa dereva wa lori alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na wewe ulikuwamo chumbani?"

"Ndiyo, Daktari."

"Uliona nini ambacho hakimo humu?"

Nilimweleza juu ya mfungo nne, meko sita, dema. Akatikisa kichwa kwa kila kimoja. Kisha nikamweleza juu ya jani, na samaki kwenye kapu. Pale kichwa kikasimama.

"Aliumia wapi kichwani?"

"Paji la uso."

"Na kazi yake?"

"Mpishi. Haonji. Hunusa."

Aliegemea kiti akatazama dari. "Mungu wangu," akasema polepole. Akanieleza. Mishipa ya kunusa ni myembamba kama nyuzi, hupita kwenye mfupa wenye vitundu, juu ya pua, chini ya paji. Kichwa kikipigwa mbele, ubongo hutikisika na nyuzi zile hukatika. Mtu hupona kila kitu, pua isirudi. Ni jambo linalotokea mara nyingi, na ni mara chache linapimwa, kwa kuwa halimo kwenye fomu. Lingepimwa kwa kahawa na ndimu, macho yakiwa yamefumbwa. Dakika tano.

"Bado hatujui," akasema. "Inabidi kumuuliza. Si bintiye, yeye mwenyewe. Akikubali ndivyo ilivyo, nampima upya kwa mkono wangu, hii takataka naifuta, na kikundi chake nitakiandikia barua kwamba akili yake nzima. Asipotaka, ni siri yake, hatuigusi."

Nikatoka nimefurahi. Nilikuwa nimefika kwenye ngazi ndipo nilipoelewa ninachopeleka. Mwenye wazimu hupona. Hunywa kombe, maji yaliyooshewa aya, hufukizwa, husomewa, na Chungu Kimoja walikuwa wamesema wenyewe kwamba akipona watamrudishia mwiko. Mpishi wa shughuli asiye na pua harudi. Tena akikiri, atakuwa amekiri na Ushongo: kwamba aliinama juu ya matenga yale, hakusikia kitu, akasema wako sawa, akamwambia Zuleha ana mafua.

Na hilo nalo lilinichukiza, sitaficha. Nilimhurumia, kisha nikamkumbuka bibi arusi na hina yake, na huruma ikaingia doa.

Jumamosi nilikwenda Pangani, nikavuka kivuko hadi Bweni, ng'ambo, anakokaa. Uvundo ulinipokea uwanjani. Kadiri nilivyokaribia mlango ulizidi, mzito, mtamu, wa mzoga. Nilipiga hodi huku nimeziba pumzi.

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, Bi Mwatumu."

"Marahaba. Wewe si yule wa saa? Kaa, kaa. Mbona umesimama kama unadaiwa?"

Alikuwa kwenye mkeka, ungo wa mchele mapajani. Nyumba ilikuwa safi, imefagiwa, vyombo vinang'aa. Nyuma yake, chini ya uchaga wa magunia, nzi walikuwa wanaingia na kutoka kama watu sokoni. Kuna kitu kilikuwa kimefia pale, panya au paka, si jana wala juzi. Alinimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa. Maziwa yalikuwa yameganda, vipande vidogo vyeupe vikielea. Nilikishika kikombe kwa mikono miwili, na mate yakanijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Sikuweza kuanza. Nilikuwa nimelipanga swali langu tangu Tanga, lakini kila nilipofungua mdomo hewa ile iliingia. Nilikuwa bado naangalia kikombe, sauti ikaita nje.

"Hodi! Hodi wenyewe!" Zuleha akatokea mlangoni, akarudi nyuma hatua moja, upande wa kanga puani. "Astaghafiru! Mwatumu! Humu kuna nini?"

"Karibu, Zuleha."

"Nikaribie nini, nikaribie maiti? Mzoga unanuka mpaka njiani, mwenyewe umekaa unachambua mchele!" Akanigeukia. "Binti, wewe ni shahidi. Watu wanasema nimemwonea. Mtu mwenye akili yake atakaa humu?"

Bi Mwatumu alitazama huku na huku, kwenye pembe za nyumba, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano. Macho yake yakafika kwenye nzi. Yakakaa pale. Kisha yakashuka kwenye kikombe changu, kilichojaa bado, yakapanda usoni kwangu. Nikainamisha kichwa.

"Umefuata nini?" akamwuliza mwenzake.

"Mwiko. Kesho tuna arusi."

"Wali wa maulidi uliiva?"

Zuleha akashusha kidogo kanga puani. "Uliiva," akasema. Halafu, kwa sauti nyingine, "Hatukuvui ukuu, shoga. Tunaushika tu. Ukipona tutakurudishia, wallahi. Mzee Shehe kasema anakuandalia kombe." Akakohoa. "Nangoja nje. Mie siwezi humu."

Akatoka. Tulimsikia akitema mate uwanjani.

Nikasogea kwenye mkeka, karibu, ili maneno yasitoke nje. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata mimi nikaisikia kwa shida.

"Bi Mwatumu, unasikia harufu?"

Aliweka ungo chini, akainuka kwa kushika goti, akaenda nyuma ya mlango. Mwiko ulikuwa pale, umesimama. Aliupangusa kwa kanga kutoka juu hadi chini, akautoa nje kwa mikono yote miwili.

"Huu hapa."

"Ukipona tu, Mwatumu…"

"Chukua. Usinirudishie. Na samaki pokea wewe, kwa pua yako. Siku ile hukuwa na mafua."

Zuleha aliupokea mwiko. Nyayo zake zilikwenda polepole mpaka njiani. Bi Mwatumu alirudi, akakichukua kikombe mkononi mwangu, akamwaga ile chai mlangoni, akarudi kukaa mahali pake.

"Sisikii," akasema. "Tangu siku ile ya Pongwe sisikii harufu yoyote. Andika."